Arobaini yangu: nilale au nitembee?

Salaam aleikum Mama Mkunga,

Naishi Bombo, hapa Uganda, nina miaka 36, na huyu niliyempata ni mtoto wangu wa tatu. Wiki iliyopita nilijifungua kwa upasuaji ambao haukuwa umepangwa. Uchungu ulinishika usiku nikakaa nao mpaka jioni ya siku ya pili, njia haifunguki. Mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, daktari akasema tuingie chumba cha upasuaji sasa hivi. Alhamdulillahi, mtoto ni mzima na ananyonya vizuri. Wawili wa kwanza niliwazaa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mambo ya mshono ni mageni kwangu.

Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari aliniandikia sindano za kuzuia damu kuganda, moja kila siku kwa siku 10. Dawa ilikuwa imekwisha pale hospitali, mume wangu akanunua chache dukani, na nesi jirani yetu akawa ananichoma. Zilipokwisha hatukununua nyingine. Bei ni kubwa, lakini kilichotuzuia zaidi ni maneno ya mama mkwe. Anasema dawa inayolainisha damu itaingia kwenye maziwa, mtoto atoke damu kitovuni, na mimi kidonda kisishike.

Mama mkwe ametoka Arua kuja kuniuguza, na kwake arobaini ni kulala. Chakula naletewa kitandani, haja naenda kwenye beseni, mtoto naletewa nimnyonyeshe nikiwa nimelala. Nikitaka kuinuka ananirudisha, "Mshono utafumuka." Maji ananipa kidogo ili tumbo lisivimbe. Jioni ananikanda tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto ili mabonge ya damu yatoke. Ijumaa usiku anataka tupande basi twende Arua nikamalizie arobaini kwake, na mume wangu ameshatenga nauli.

Ananipenda na hachoki, sitaki kumvunjia heshima. Lakini nina hofu. Mwaka jana mwanamke wa mtaa wa pili aliyepasuliwa kama mimi alianguka bafuni katika wiki ya tatu, akakata roho kabla hawajamfikisha hospitali. Watu wakasema amelogwa. Tena mama yangu mzazi, alipomzaa kitinda mimba wetu, mguu wake wa kushoto ulivimba wote, akalazwa, akatumia dawa za damu kwa miezi. Hilo sikulitaja hospitali na hawakuniuliza. Mwezi wa mwisho kliniki nilipimwa kilo 94. Na sasa miguu yangu yote miwili imevimba kwenye vifundo.

Nilale au nitembee? Sindano zitamdhuru mtoto? Na safari je?

Nakawere wa Bombo

*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Nianze na lisilongoja. Leo hii, ukimaliza kusoma, mume wako akupeleke hospitali uliyopasuliwa. Kama ni mbali, nendeni kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu, kwa kuwa pale kuna daktari. Beba karatasi uliyoruhusiwa nayo. Mwambie daktari kwamba sindano zimekatika na tangu siku gani, kwamba tangu urudi nyumbani umekuwa wa kulala, taja kilo zako, kisha mweleze habari ya mguu wa mama yako. Hiyo habari ya mama ndiyo nzito kuliko zote ulizoandika. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwahi kuganda damu mshipani, hasa wakati wa mimba au uzazi, daktari humhesabu mwanamke kwa namna nyingine kabisa. Kipimo cha sindano huendana na uzito, na siku 10 zinaweza kurefushwa hadi wiki 6. Hayo ni maamuzi ya daktari, lakini hawezi kuyafanya kama hajui. Wala usijichome mbili kwa mara moja ili kufidia zilizopita.

Miguu kuvimba yote miwili, sawasawa, kwenye vifundo, mara nyingi ni maji ya mimba pamoja na yale ya dripu uliyowekewa, na hupungua yenyewe katika wiki mbili za kwanza. Hata hivyo lazima upimwe presha, maana presha ya uzazi inaweza kupanda hata baada ya mtoto kutoka. Mguu wa bonge la damu kwa kawaida huvimba peke yake. Kwa mzazi huwa zaidi wa kushoto, kama ule wa mama yako, kwa sababu mshipa unaorudisha damu kutoka mguu wa kushoto unapita chini ya mshipa mkubwa mwingine nyongani, na mimba huubana hapo.

Sasa nikueleze kwa nini tunalisumbukia jambo hili. Mwili wa mwanamke unapokaribia kuzaa huifanya damu iwe nyepesi kuganda, ili kondo la nyuma likibanduka asimwage damu hadi kufa. Ni kinga ya Mungu, lakini haizimiki siku mtoto anapotoka. Inaendelea kwa wiki kadhaa, na wiki 6 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa. Ukipasuliwa, mishipa imeguswa na kisu. Ukilala, damu ya miguuni inakosa cha kuirudisha juu, kwa kuwa kinachoisukuma ni misuli ya vigimbi unapokanyaga. Vitu hivyo vitatu vikikutana, damu nyepesi kuganda, mshipa ulioumizwa, na damu inayokwenda polepole, bonge linaweza kujengeka ndani ya mguu au nyonga. Likikatika, linasafiri na damu hadi mapafuni na kuziba njia. Hapo ndipo mtu aliyekuwa anazungumza vizuri anaanguka. Mzazi akifa ghafla namna ile ya mwanamke wa mtaa wa pili, bonge la mapafuni ni miongoni mwa mambo ya kwanza daktari anayoyafikiria. Wanaosema amelogwa wanawaacha wanawake wengine wa mtaa ule bila kinga.

Usitishike kupita kiasi. Wanaopatwa ni wachache, kama watatu hivi katika kila wazazi 1,000 waliopasuliwa. Lakini upasuaji unaizidisha hatari takriban mara nne kuliko kuzaa kwa kawaida, na ule wa dharura baada ya uchungu mrefu unazidi ule uliopangwa. Wewe una dharura, umri uliopita 35, uzito, na damu ya mama yako. Kwa mtu kama wewe sindano zile ni sehemu ya matibabu ya upasuaji wenyewe, sawa na mshono.

Na sasa arobaini. Mama mkwe hakukosea. Nimefanya kazi wodini na wanawake wa makabila mengi, na sijaona desturi inayomlinda mzazi kuliko hii: asichote maji, asipike, asilime, apumzike, alishwe. Tena tazama hesabu yenyewe. Siku 40 za wazee na wiki 6 za madaktari zinatofautiana kwa siku mbili tu. Wazee walijua urefu wa hatari. Kinachopaswa kubadilika ni kitu kimoja: arobaini ni mapumziko ya kazi, miguu haimo. Nyakati za bibi zetu aliyepasuliwa alikuwa mmoja mmoja, na mzazi wa kawaida, hata akilala, hakuwa na mshono uliomtia hofu ya kujigeuza kitandani. Wewe umefungwa na desturi na maumivu kwa pamoja.

Mshono haufumuki kwa kutembea. Unaolishika tumbo si ule uzi unaouona juu ya ngozi. Chini yake kuna tabaka zilizoshonwa kwa uzi imara, na hospitali yoyote inayojua kazi yake humwinua mzazi siku ile ile ganzi ikitoka miguuni, au kesho yake asubuhi. Kinachoharibu mshono ni uchafu, ni kunyanyua vitu vizito, ni kukohoa kwa nguvu bila kuushika. Usibebe chochote kinachomzidi mtoto. Jerikeni ya lita 20 usiiguse katika arobaini yote, hapo nipo upande wa mama mkwe kabisa.

Kuinuka kuna namna yake, na wengi wanaumia kwa sababu hawakuonyeshwa. Usikae wima moja kwa moja kutoka chali. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, shusha miguu nje ya kitanda, kisha jisukume kwa mkono. Mkono wa pili ushike leso iliyokunjwa, au mto mdogo, juu ya mshono. Kaa kidogo ukingoni mpaka kizunguzungu kipite, ndipo usimame, mtu akiwa kando yako. Nyoosha mgongo kadiri unavyoweza. Mara ya kwanza utafika mlangoni, na hiyo inatosha. Dawa za maumivu ulizoandikiwa zimeze kwa saa zake, usingoje uumwe, kwa sababu maumivu ndiyo yanayowalaza wanawake kuliko mama wakwe wote.

Bombo huwezi kukosa kusikia adhana. Basi tumia hiyo. Kila adhana ya mchana na jioni, mama mkwe anapokwenda kutawadha, wewe uliye katika nifasi, yaani damu ya uzazi isiyo na swala, inuka uende uani, uzunguke polepole, urudi. Ongeza kidogo kila siku. Choo na uende mwenyewe, beseni liwekwe kando. Usiku unapoamka kunyonyesha, kabla ya kulala tena, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako kisha visukume mbele, mara nyingi, mpaka usikie vigimbi vinafanya kazi, halafu zungusha vifundo. Fanya hivyo pia mchana ukiwa umekaa. Ukinyonyesha, kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zikiwa chini. Mkekani, miguu ikiwa imekunjwa saa nzima, damu inabanwa magotini.

Maji unywe. Mwili mkavu hufanya damu kuwa nzito, na mama anayenyonyesha anapoteza maji mchana kutwa. Maji hayavimbishi tumbo la mzazi. Uji wa ulezi endelea nao, ni chakula kizuri, ila usichukue nafasi ya maji. Mkojo wako ukiwa wa njano iliyokolea, ujue hujanywa vya kutosha.

Kukanda tumbo kukome. Mabonge anayoyafikiria mama mkwe ni ya ndani ya mfuko wa uzazi, na hayo hutoka yenyewe pamoja na damu ya uzazi mfuko unapojikaza, na kunyonyesha kunausaidia. Haya ninayoyasema mimi yako ndani ya mishipa, wala hakuna maji ya moto yanayoyafikia. Kwenye tumbo lenye mshono wa wiki moja, joto na kukandamiza huleta kuungua na kidonda kuoza. Mkaja, ule mshipi wa kitambaa wa kufunga tumbo la mzazi, kama mnafunga, uwe wa kushika tu, uweze kuvuta pumzi ndefu na kula bila kubanwa. Na kama mguu mmoja utauma au kuvimba, mtu asiukande wala kuuchua kwa mafuta, maana bonge linaweza kukatika.

Kuhusu sindano na maziwa, mpe mama mkwe jibu hili kwa upole. Dawa ya jamii hii, heparini na enoksaparini, haipiti kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto, na hicho kidogo kinachoweza kupita huharibiwa tumboni mwake. Kinachomkinga mtoto mchanga asitokwe damu ni vitamini K anayochomwa baada ya kuzaliwa. Kaangalie kwenye kadi yake kama aliipata, na kama hamna, ulizeni leo mkiwa huko huko. Kwa upande wako, kipimo cha kuzuia ni kidogo, kidonda kitashika. Unaweza kupata alama ya buluu pale ulipochomwa, si neno. Uchomwe mahali tofauti kila siku, chini ya ngozi ya paja au ya tumbo mbali na mshono, na pasisuguliwe baadaye. Lakini ukiloweka pedi nzima ndani ya saa moja, au mshono ukivimba na kuvuja damu, rudi hospitali haraka.

Dukani mtu atakwambia utumie aspirini badala yake kwa kuwa ni rahisi. Haichukui nafasi ya sindano. Bei ikiwashinda, mwambieni daktari waziwazi badala ya kuacha kimyakimya. Pengine dawa imeshaletwa, pengine ipo ya aina nyingine, na kama hakuna kabisa atakwambia la kufanya. Soksi ndefu za kubana zinasaidia zikiwa za kipimo chako. Usijifunge mabendeji au vitambaa vya kubana magoti kama mbadala, vitafanya kinyume.

Safari ya Ijumaa isiwepo. Kutoka hapo kupitia Karuma na Pakwach hadi Arua ni usiku mzima wa kukaa, magoti yamekunjwa, na nawajua wanawake wenzangu, hatunywi maji kwenye basi kwa kuogopa kukosa choo. Madaktari wa uzazi huhesabu safari ya zaidi ya saa 4 kuwa hatari yenyewe peke yake. Wewe umo katika wiki ya pili, sindano zimekatika. Mama mkwe amalizie kukulea hapo hapo Bombo. Wiki 6 zikipita na daktari akiridhika, nendeni mchana, kaa kiti cha kando ya njia ya ndani ya basi, shuka kila basi linaposimama utembee, na unywe maji bila kujali choo kiko wapi.

Dalili hizi watu wote wa nyumbani wazijue, kwa kuwa wewe unaweza kuishiwa nguvu ya kusema. Mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake: chukua uzi, pima vigimbi vyote mahali pale pale, linganisha. Maumivu ya kigimbi, paja, kinena au tako la upande mmoja, yanayozidi ukikanyaga. Joto la mguu mmoja, ambalo utalisikia kwa mgongo wa mkono. Wekundu kwenye ngozi zetu nyeusi hauonekani vizuri, usiungoje. Hayo yote, hospitali siku ile ile, upigwe picha ya mshipa kwa mashine ya altrasaundi. Lakini ukikosa pumzi ghafla, kifua kikichoma unapovuta pumzi, ukikohoa damu, moyo ukienda mbio ukiwa umetulia, au ukizimia, msingoje kupambazuke na msianze kutafuta dua kwa mtu. Tafuteni gari, msisimame kwenye kituo kidogo, nendeni moja kwa moja hospitali kubwa yenye oksijeni. Kichwa kuuma vikali pamoja na macho kuona ukungu au degedege nako ni kwa haraka hiyo hiyo.

Wasomaji wengine mliopasuliwa, wenye selimundu, mliojifungua mapacha, mliopoteza damu nyingi hadi mkaongezewa, au mlioshikwa na homa ya uzazi, nanyi mko katika kundi hili. Ulizeni kabla ya kuruhusiwa kama mnahitaji sindano. Na uzazi wa mpango, vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili visianzwe katika wiki hizi 6, vinazidisha kuganda kwa damu. Zipo njia nyingine za mama anayenyonyesha.

Kwa utaratibu wa hapa kwetu, mzazi huonwa baada ya saa 6, siku 6 na wiki 6. Kama ile ya siku 6 ilikupita, ya leo ifidie. Ya wiki 6 usiikose hata ukijiona mzima. Na mimba nyingine ikija, habari ya mguu wa mama yako iwe neno la kwanza unalolitaja kliniki, mkunga aiandike kwenye kadi tangu siku hiyo.

Mume wako naye nina neno naye: hiyo nauli ya Arua uliyotenga, ianze kununulia sindano zilizobaki.

Mama Mkunga